Kabla hujanunua Land Cruiser ya dizeli Edgbaston, soma historia yake ya MOT

Tangazo lenyewe unalijua. Land Cruiser ya dizeli, 3.0 D-4D, ya mwaka 2004, viti saba, gia otomatiki. "MOT miezi kumi na moja, injini haina shida, mwenye haraka apige simu." Liko mtaa wa pili kutoka Hagley Road, unaweza kwenda kulitazama ukitoka zamu. Na bei yake inakaribia kabisa zile hela ulizoweka tangu Januari kwa ajili ya kupaua nyumba kule kwetu.

Makala hii haikukatazi kununua. Gari zuri kwa mtu wa ujenzi au wa kutunza wazee majumbani ni chombo cha kazi, linaweza kukupa zamu ambazo basi la saa kumi alfajiri halikufikishi. Tunachotaka ujue ni kitu kimoja: hilo neno "MOT miezi kumi na moja" lina uzito mdogo kuliko unavyodhani, na historia ya MOT iliyo nyuma yake, ambayo kuisoma ni bure, ina uzito mkubwa kuliko unavyodhani. Wengi husoma la kwanza na kuacha la pili. Hapo ndipo hela ya mabati inapopotelea.

MOT inasema nini, na haisemi nini

Hapa Uingereza gari likishatimiza miaka mitatu linakaguliwa kila mwaka. Utaratibu huu ulianza mwaka 1960, na jina MOT limetokana na iliyokuwa Wizara ya Uchukuzi. Mkaguzi anatazama breki, matairi, taa, usukani, springi na shokomzoba, mikanda ya viti, kutu kwenye sehemu zinazobeba gari, na moshi unaotoka kwenye ekzosi. Ada ina kikomo: kwa gari la kawaida hawaruhusiwi kukutoza zaidi ya pauni 54.85.

Sasa sikiliza upande wa pili. MOT haikagui hali ya injini kwa ndani, wala klachi, wala giaboksi. Mkaguzi hafungui kitu: kama chini kuna kifuniko cha plastiki, anaangalia anachoweza kukiona tu. Na anasema habari ya siku ile. Gari linaweza kupita Jumatatu na injini ikafa Alhamisi, na hakuna aliyevunja sheria.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia "imepita MOT", amekuambia kwamba siku fulani breki zilishika na taa ziliwaka. Ni jambo jema, lakini halijakuambia kama gari hili litakufikisha kazini mwezi wa Februari.

Dakika tano kwenye simu

Ingia kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK, utafute ukurasa wa historia ya MOT. Andika namba ya gari, basi. Hutaulizwa jina wala malipo. Utaona kila kipimo kuanzia 2005: tarehe, maili zilizosomwa kwenye dashibodi, kama gari lilipita au lilianguka, na maneno ya mkaguzi. Namba ya gari iko kwenye picha ya tangazo. Kama wameifunika, iombe. Muuzaji anayekataa kukupa namba ya gari anayotembea nayo barabarani kila siku ameshakujibu.

Tangu tarehe 20 Mei 2018 kasoro zimepangwa kwa madaraja. Kuna za hatari, ambazo gari haliruhusiwi kuendeshwa mpaka litengenezwe. Kuna kubwa, ambazo gari linaanguka. Kuna ndogo, ambazo gari linapita lakini zinatakiwa kurekebishwa. Halafu kuna ushauri: kitu ambacho leo kiko sawa ila kinaelekea kuharibika. Huu ushauri ndio unaotakiwa kuusoma kwa makini kuliko vyote, maana ni sauti ya fundi ambaye hakuuzii kitu.

Tusome pamoja

Mfano huu tumeuunda wenyewe, lakini ndivyo kumbukumbu zinavyokaa:

Mei 2019: limepita, maili 118,400. Ushauri: kutu ya juu juu kwenye chesisi, nyuma.

Novemba 2020: limepita, maili 124,900. Ushauri: kutu kwenye chesisi nyuma, bomba za breki zimeanza kushika kutu.

Novemba 2021: limeanguka, maili 130,200. Chesisi imeliwa na kutu mpaka imepungua nguvu, karibu na mahali springi ya nyuma inaposhikiliwa. Siku tisa baadaye limepita, maili zilezile.

Novemba 2022: limepita, maili 131,000. Hakuna ushauri wowote.

2023 na 2024: hakuna kitu.

Februari 2025: limepita, maili 131,600. Ushauri: sehemu ya chini imefunikwa na rangi nzito ya kuzuia kutu.

Muuzaji anakuonyesha mstari wa mwisho tu. Ukisoma wote, unapata habari nyingine kabisa.

Kwanza, kutu. Imeonekana 2019, imerudi 2020, 2021 imeangusha gari. Hii haikuwa ajali, ni ugonjwa uliokuwa ukitembea polepole huku mwenye gari akisubiri. Siku tisa zile zilikuwa za kuchomelea. Swali lako: walikata chuma kibovu wakaweka kipya, au walibandika kiraka juu ya kutu? Omba risiti na picha za kazi ile.

Pili, ile 2022 safi. Usifurahi haraka. Gari la miaka 18 lililotoka kuchomelewa, halina hata ushauri mmoja? Inawezekana limetengenezwa vizuri. Inawezekana pia limepakwa rangi nyeusi chini, na mkaguzi hawezi kuandika kisichoonekana. Maneno ya 2025 yanakuambia kwamba rangi ipo. Rangi hiyo ikipakwa juu ya chuma kizuri inalinda; ikipakwa juu ya kutu inaficha.

Tatu, maili. Gari hili lilikuwa linakwenda maili elfu nne, tano kwa mwaka. Ghafla linakwenda 800, kisha 600 tu kwa zaidi ya miaka miwili, na katikati MOT imekatika. Maana yake lilisimama. Gari la kazi halisimami bila sababu. Labda mwenyewe alisafiri au aliugua. Labda injini ilisumbua na hela ya fundi haikuwepo. Uliza, na usikilize kama jibu linalingana na tarehe.

Pengo moja usiliogope: la mwaka 2020. Wakati wa korona serikali iliongeza miezi sita kwa MOT zilizotakiwa kuisha kuanzia tarehe 30 Machi mwaka ule, kwa hiyo Mei kusogea mpaka Novemba si kosa la mtu.

Na kama maili zimeshuka, mathamani mwaka huu 140,000 na mwaka unaofuata 95,000, simama hapo. Inaweza kuwa mkaguzi alikosea kuandika tarakimu, au dashibodi ilibadilishwa kihalali. Lakini mwenye jukumu la kuthibitisha kwa karatasi ni muuzaji, si wewe kwa imani.

Kuanguka si aibu

Watu wengi wakiona neno "limeanguka" wanafunga simu. Tulia kwanza. Gari lililoanguka kwa sababu ya balbu, tairi lililoisha na bushi, kisha kesho yake likapita, na mwaka uliofuata vitu hivyo havikutajwa tena, ni gari lenye mwenyewe. Ameambiwa, ametengeneza.

La kuogopa zaidi ni lile linalopita kila mwaka na ushauri uleule miaka mitano: "bomba za breki zina kutu", "bomba za breki zina kutu", "bomba za breki zina kutu". Hapo unaona mtu anayelipia cheti tu na halitunzi gari. Kama hagusi bomba za breki alizoandikiwa, unadhani alikuwa anabadilisha oili kwa wakati?

Jina kubwa la Land Cruiser

Kwetu jina hili halihitaji utangulizi. Tumeiona ikibeba polisi, wagonjwa, watalii na wakubwa wa serikali. Prado imepita kwenye tope ambalo trekta lilikwama. Lakini wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Magari yale yalidumu kwa sababu yalikuwa na mafundi, ratiba ya oili na vipuri kila kona. Jina limeandikwa kwenye boneti. Matunzo hayajaandikwa popote isipokuwa kwenye karatasi.

Hii ya 3.0 D-4D iliyouzwa hapa kuanzia 2003 hadi 2009 ni imara, na ina magonjwa yake yanayojulikana. La kwanza ni nozeli za dizeli. Zikichoka, injini inagonga ikiwa baridi, na nozeli inayomwaga dizeli kupita kiasi inaweza kupasua pistoni. La pili ni vile vifunga vidogo vya shaba chini ya nozeli. Vikivuja, masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba chujio linalovuta oili kutoka chini, na injini inakaukiwa huku inakimbia. Yote mawili MOT haiyaoni. Ndiyo maana tunakwambia nenda ukatazame asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukifika weka mkono juu ya boneti. Kama ni ya moto, mwenyewe ameshaiwasha kabla hujafika. Muulize kwa nini, au urudi siku nyingine.

La tatu ni hiyo kutu, na hapa Birmingham lina sababu. Kila baridi barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu isigande. Chumvi na maji vinarushwa chini ya gari, vinajificha ndani ya chesisi. Prado iliyofanya kazi Dodoma miaka 20 inaweza kuwa na injini iliyochoka na chesisi nzima. Ya hapa inaweza kuwa kinyume chake. Mzoefu wa magari ya nyumbani anasikiliza injini na kusahau kulala chini na tochi. Hapa lala chini kwanza.

Edgbaston na mstari wa Middleway

Sasa tuje kwenye gharama ambayo haimo kwenye tangazo. Tangu tarehe 1 Juni 2021 katikati ya Birmingham kuna eneo la hewa safi. Ni eneo lote lililo ndani ya barabara ya mzunguko ya Middleway, A4540. Gari la dizeli lisilofikia kiwango cha Euro 6 linalipa pauni 8 kwa siku, saa 24, siku saba za wiki. Land Cruiser zote za umri huu haziifikii Euro 6.

Edgbaston yenyewe iko nje ya mstari. Hospitali ya Queen Elizabeth, chuo kikuu, uwanja wa kriketi, majumba ya Calthorpe: kote huko hulipi. Lakini ukivuka Five Ways kuingia Broad Street, umeshaingia. Mradi wa stesheni ya HS2 pale Curzon Street uko ndani. Stesheni ya New Street iko ndani. Kituo cha mabasi Digbeth, unapompeleka shemeji kupanda basi la kwenda London, kiko ndani.

Piga hesabu. Kazi siku 5 kwa wiki ndani ya mstari ni pauni 40. Wiki 46 za kazi ni pauni 1,840 kwa mwaka. Wewe ndiye unayejua hizo ni ada za mihula mingapi.

Wanaosafisha ofisi usiku wawe makini zaidi. Siku inahesabiwa kuanzia saa sita usiku mpaka saa sita usiku. Ukiingia saa nne usiku na kutoka saa nane usiku, umeendesha siku mbili: pauni 16 kwa zamu moja. Una siku sita baada ya safari kulipa. Ukisahau, faini ni pauni 120, inashuka mpaka 60 ukilipa ndani ya siku 14. Hakuna kizuizi cha kukusimamisha njiani. Ni kamera tu, na barua nyumbani.

Kama kazi yako ni ya katikati ya mji na unaishi upande huu, tramu imefika Edgbaston Village, pale Hagley Road, tangu Julai 2022. Kuna watu wanaacha gari nyumbani siku za mjini na kulitumia kwa kazi za Harborne, Quinton na Solihull tu. Hiyo ni akili. Na kama huwa unakwenda London kwenye harusi na misiba, kule ada ya gari la aina hii ni pauni 12.50 kwa siku, na tangu Agosti 2023 imeenea kwenye wilaya zote za jiji.

Tarehe moja yenye pauni 300

Kodi ya barabara nayo ina mtego. Magari ya miaka hii hulipa kwa kipimo cha hewa ya ukaa, na jipu zito la dizeli liko juu kabisa ya jedwali. Lakini yanayotoa zaidi ya gramu 225 kwa kilomita yalipunguziwa kama yalisajiliwa kabla ya tarehe 23 Machi 2006. Kwa hiyo unaweza kuona Land Cruiser mbili pacha, moja ya Februari 2006 na nyingine ya Mei 2006. Ile changa inalipa karibu pauni 300 zaidi kila mwaka. Tazama tarehe ya usajili wa kwanza kwenye kadi ya gari, V5C, usitazame mwaka tu.

Kumbuka pia kwamba kodi ya aliyekuuzia haikufuati. Tangu Oktoba 2014 mnunuzi anaanza kulipa upya siku hiyohiyo, kabla hajaliondoa gari.

"Nitalitumia, kisha nalipeleka nyumbani"

Hoja hii tunaisikia sana, na kwa gari la 2004 hesabu yake ni ngumu. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza: mwaka 2025, mstari ulikuwa magari ya 2018 kwenda mbele. Uganda tangu Oktoba 2018 haipokei gari la miaka 15 na zaidi tangu lilipotengenezwa. Tanzania haijafunga mlango, lakini gari la zaidi ya miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine. TRA wana kikokotoo kwenye tovuti yao, kitumie kabla hujaota.

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa anayerudi kuishi nyumbani nafasi ya kuingiza gari moja bila ushuru, kama amelimiliki na kulitumia huku nje kwa miezi 12 au zaidi, pamoja na masharti mengine. Lakini huo ni msamaha wa ushuru. Kikomo cha umri cha Kenya kinabaki palepale.

Kama mnachanga watu watatu

Wengi wetu tunanunua kwa kuchanga, wenzako wawili wa zamu na wewe. Vizuri, ila jueni kwamba V5C ina jina la mtunzaji mmoja, na barua zote za kamera na faini zitakwenda kwake. Kila anayeendesha awe kwenye bima kwa jina lake. Andikeni kwenye karatasi nani anatoa nini, na nani analipa siku ya mjini. Urafiki mwingi umevunjwa na pauni 8.

Fuata mpangilio huu kabla hujatuma hata amana

Kwanza, soma historia ya MOT yote, andika pembeni kila ushauri unaojirudia.

Pili, ingiza namba ya gari kwenye ukurasa wa serikali wa maeneo ya hewa safi uone kama linalipa, kisha zidisha kwa siku zako za kazi.

Tatu, tazama tarehe ya usajili, uliza bei ya bima kwa jina lako na kwa leseni uliyo nayo. Leseni za Kenya, Tanzania na Uganda zinakufikisha miezi 12 tu tangu uhamie hapa, baada ya hapo unatakiwa kupata ya Uingereza.

Nne, lipia ukaguzi wa deni. V5C inaonyesha anayetunza gari. Haithibitishi kwamba ni lake wala kwamba halidaiwi na kampuni ya mkopo.

Tano, nenda asubuhi, mchana kweupe, na tochi na fundi asiyemjua muuzaji. AA na RAC nao wana huduma ya kukagua gari kabla ya kununua. Utalipa, lakini kulipa fundi ukaliacha gari bovu ni faida, si hasara.

Sita, likishakuwa lako, jiandikishe GOV.UK wakukumbushe MOT kwa meseji, bure. Kuendesha bila MOT faini yake inaweza kufika pauni 1,000. Na ushauri utakaoandikiwa mwaka wa kwanza, utengeneze mwaka huohuo. Siku utakayouza, mnunuzi naye atakuwa na simu yake mkononi, anasoma.

Baada ya hayo yote, kama hesabu bado inakubali, nunua kwa moyo mweupe. Kama haikubali, hela yako ya mabati bado iko kwenye akaunti, na magari hayajaisha Birmingham.